Sahihi ya Kumi

Jumatatu, 3 Juni
Mgogoro! Wa kweli, na uko mlangoni kwangu. Ng'ambo, upande wa Kongo, wamezuia nyanya zetu za Rwanda zisivuke daraja la Rusizi ya Kwanza. Wanadai sisi ndio tulioanza kwa kuzuia samaki wao. Redio imeuita mgogoro wa kidiplomasia mara mbili. Mke wangu Antoinette analia. Yeye na wenzake sita huvusha nyanya za Nyakabuye hadi Bukavu, na ndizo zinazotulisha tangu nistaafu ualimu. Nami nilijitahidi kulia. Lakini moyoni nilikuwa na wazo moja tu: mgogoro ukiwepo, mkubwa fulani ataandika barua, na akiandika atatia sahihi.

Ninazo tisa. Barua tisa za wakubwa, zote kuhusu ugomvi wa nchi na nchi, zote sahihi ya mkono, zimo sandukuni chini ya kitanda. Bora kuliko zote: balozi anayeomba radhi kwa kuwa dereva wake aligonga fahali wa gavana wa nchi jirani. Bahizire, mwenye duka la fotokopi karibu na mpaka, anazo kumi na nne. Kumi na nne! Mtu asiyejua hata tofauti ya balozi na konseli.

Jumatano, 5 Juni
Mpango tayari. Nimemwandikia mheshimiwa mmoja wa Bukavu, kwa Kifaransa cha hali ya juu, kwa niaba ya chama cha bamama wa nyanya, yaani Antoinette na wenzake. Nimejiita mwenyekiti. Chama hakikuwa na mwenyekiti, wala mwanamume. Micheline, mmoja wao anayelala ng'ambo, ndiye aliyeipeleka. Antoinette alinishika mikono yote miwili, akasema miaka ishirini na sita hajaniona nikiwahangaikia hivi. Akanikaangia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Nilikula kwa aibu. Nilizimaliza.

Ijumaa, 7 Juni
Amejibu! Micheline kaileta ndani ya kitenge. Mheshimiwa anamwagiza mkuu wa posti ya mpakani, ng'ambo, apitishe nyanya za bamama saba, mradi aoneshwe barua hii, iliyo halisi, na ibaki kwake. Ibaki kwake! Nilisoma mara tatu nikitafuta maana nyingine. Hakuna. Na sahihi ile! Kalamu ya wino, buluu, mkia mrefu unaozunguka na kurudi kujikata, kama mkono wa mtu aliyekasirika kweli.

Bamama waliimba uani. Antoinette akapiga simu Nyakabuye, nyanya zije asubuhi. Kisha akanikabidhi barua niitunze. Mimi! Kati ya watu wote wa Rusizi.

Jumamosi, 8 Juni
Siku ya balaa. Asubuhi nilikwenda kwa Bahizire, ana mashine mpya ya rangi. Mkuu wa posti atachukua nakala, mimi nitabaki na halisi, nani atajua? Nilimwambia Bahizire ni cheti cha ubatizo, asikitazame. Akaenda nayo nyuma ya pazia. Akakaa huko muda mrefu kuliko ubatizo wenyewe. Alirudi na bahasha mbili, moja nakala, moja halisi. Nilipozilinganisha sikuona tofauti yoyote. Nikamsifu!

Darajani vikapu vilikuwa vimepangwa, nyanya zimeiva hadi zinang'aa. Mkuu wa posti akalowesha kidole kwa mate, akasugua sahihi. Haikutoka hata kidogo.

"Papa, hii ni fotokopi," akasema. "Leta ya kweli."

Antoinette akanigeukia taratibu. Nilisema nimekosea bahasha, nikakimbia nyumbani, nikaichukua ile nyingine, nikarudi nikihema. Iliniuma kuitoa, Mungu anajua. Mkuu akalowesha kidole tena. Akasugua. Akatikisa kichwa.

Bahizire! Mwizi! Amebaki na halisi, kanipa nakala mbili! Na hakuna ninayeweza kumshtakia, maana nitaulizwa nilikwenda kwake kufanya nini.

Jua lilikuwa kali mno. Vikapu vilibaki pale pale.

Jumapili, 9 Juni
Misa. Bahizire mbele yangu, anaimba kuliko kwaya. Baada ya misa nilimsihi. Akaapa hajui ninachosema. Kisha akashusha sauti: nikimpa yule balozi wa fahali, pengine ataitafuta vizuri zaidi.

Nilikataa. Mungu anisamehe, nyanya zikiwa siku ya pili juani, nilikataa. Nilirudi nikamuungamia Antoinette habari ya fotokopi, nikasema Bahizire kakana kila kitu. Akafunga kitenge, akatoka. Hazikupita dakika kumi, akarudi na barua halisi mkononi. Sijui alimwambia nini. Ninajua tu kwamba Bahizire hajaonekana nje tangu hapo.

Na habari ya fahali Bahizire alimwambia. Nimeiona usoni mwa Antoinette.

Jumatatu, 10 Juni
Barua imekabidhiwa. Mkuu akasugua, wino ukamganda kidoleni, akaridhika. Halafu akaitoboa matundu mawili ili aiweke kwenye faili, moja likapita katikati ya mkia wa sahihi. Nililia kwa sauti. Mama mmoja, Charlotte, akanishika bega akidhani nalilia nyanya.

Zaidi ya nusu zilikuwa zimeoza. Maji mekundu yalitiririka kutoka vikapuni hadi kwenye viatu vyangu. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana. Antoinette pekee alisema.

"Ladislas, Charlotte iko na batoto batano. Leo jioni batakula nini? Fahali?"

Akajitwisha kikapu chake, akavuka daraja na wenzake. Jioni hakurudi. Yuko kwa dada yake, Bukavu.

Alhamisi, 13 Juni
Siku tatu za bugali bila mboga. Nimepasi shati moja mara mbili. Leo bamama wamepiga kura kuniondoa uenyekiti: saba dhidi ya sifuri. Wamemchagua Antoinette. Tayari wana muhuri. Nimekaa kitandani kwa upande wake, nikajisikia mtu bure kabisa.

Ijumaa, 14 Juni
Micheline kaleta barua. Imepigwa taipu, ina muhuri wa chama. Antoinette anasema atarudi kwa masharti mawili. Kwanza, niwaombe bamama msamaha pale darajani, mmoja mmoja, kwa jina. Pili, sanduku litoke nyumbani, na vyote vilivyomo. Anangoja jibu hadi Jumapili. Mwisho kabisa kaongeza kwa mkono kwamba nile vizuri.

Nililia hadi miwani ikajaa ukungu. Nilipoifuta, niliona. Aliyeandika ni kiongozi, amechaguliwa kwa kura. Ugomvi ni wa mipakani: yeye Kongo, mimi Rwanda. Sahihi ni ya mkono, wino wa buluu! Nililowesha kidole, nikasugua pembeni kabisa. Inatoka!

Ya kumi. Nimeitia kwenye plastiki.

Sasa nimjibuje? Nikikubali yote, kesho atarudi, na mtu aliyerudi haandiki tena. Nimekubali sharti la kwanza. La pili nimelikataa, kwa heshima zote, na nimemwomba ufafanuzi kwa maandishi.