Televisheni Haili Bando

Jumatatu, 4 Machi
Televisheni mpya imefika! Filamu zimo humo humo ndani, antena ya nini? Mke wangu kauliza kama haitatumalizia bando la intaneti ya nyumbani. Nikamfafanulia kwa upole. Intaneti ni ya simu na kompyuta. Hii ni televisheni. Akanikumbusha kwamba Alhamisi ana usaili wa kazi kwa video, na bando likiisha, ni mpaka mwezi ujao. Nikamwambia awe na amani. Shemeji, kaka yake, mwalimu wa udereva, akacheka kwa pua. Kijicho tu! Yake ni ndogo kama dirisha la choo.

Jumanne, 5 Machi
Mama mkwe kaja kusalimia mara moja. Nikamwekea tamthilia ya daktari aliyepoteza fahamu siku ya harusi yake. Kashinda kochini mpaka jioni. Kaniita mwanangu! Tangu nioe nilikuwa "huyu". Shemeji chali. Nimepandisha ubora wa picha hadi mwisho, vinyweleo vya daktari vinahesabika. Kampuni ya intaneti imetuma ujumbe kwamba bando linakaribia kwisha. Matapeli. Nimefuta.

Jumatano, 6 Machi
Ujumbe mwingine. Basi kuna mwizi! Nimemshuku jirani, mshonaji. Nikabadilisha nenosiri likawa "mshonajimwizi", nikalibandika kwenye friji tusilisahau. Saa hiyo hiyo mshonaji akabisha hodi, kaleta koti la usaili, kampunguzia mke wangu mabega bure. Akaenda jikoni kunywa maji. Akarudi akiuliza ni mshonaji gani huyo. Nikasema wa mji mwingine.  

Alhamisi, 7 Machi
Siku mbaya. Mke wangu chumbani, juu koti, chini pajama. Mama mkwe sebuleni, sauti tumeipunguza kwa heshima. Daktari akaanza kufumbua jicho. Moja. Picha ikaganda! Mama mkwe akapiga ukunga. Chumbani nako ukunga: alikuwa ndiyo kwanza anaeleza kwa nini wamchague yeye.

Akapita mbele yangu na kompyuta kwapani, mbio mpaka kwa mshonaji, kwa pajama, akamalizia usaili kwa intaneti yake. Kumbe mshonaji ana yake.

Shemeji akaipigia kampuni, sauti nje watu wote wasikie. Mhudumu akasema filamu ndizo zilizokula bando. Nikamwomba atofautishe baina ya filamu na intaneti. Akauliza:

"Samahani, kuna mtu mzima mwingine hapo nyumbani?"

Ijumaa, 8 Machi
Nimekwenda kumwomba radhi mshonaji. Kanisamehe, ila kashika utepe akanipima kichwa. Kasema alitaka kujua tu.

Jumatano, 13 Machi
Mke wangu kapata kazi! Nilijua. Tumekumbatiana, hata machozi yamenitoka. Kasema alipoona mdomo wake umeganda wazi kwenye kioo, alidhani maisha yamekwisha. Nikaapa, mkono kifuani: sitagusa bando la nyumbani tena.

Nami si mtu wa kuvunja kiapo. Lakini mama mkwe anateseka, jicho la pili hajaliona. Bahati nzuri ofisi mpya imempa mke wangu simu, ina bando lake humo humo. Yuko bafuni. Nimeiunganisha na televisheni. Hilo ni bando la ofisi, la nyumbani halimo. Haliwezi kuhesabiwa.