Vidonge vya Upole

Ijumaa, 5 Juni

Nimeanza shajara. Si kwa kupenda! Dada wa duka la dawa kanitaka kila jioni niandike nilivyoshinda: hasira, tumbo kujaa, machozi, kila kimoja alama kati ya kumi. Haya. Hasira tisa. Tumbo saba. Machozi sita, ila nilikuwa nakata vitunguu, kwa hiyo sijui.

Jambo lenyewe ni hili. Kila mwezi, juma moja kabla ya hedhi, nageuka mtu mwingine. Mwezi uliopita nilimfokea mkuu wa shule, yule mama anayetupa kazi ya makoti ya wanafunzi, mbele ya karakana nzima. Bosi kasema mama huyo anarudi Alhamisi, na nikimfungulia mdomo tena nahamia kwenye kushona vifungo. Meza ya kukata ataichukua Bi Vifungo, ambaye ameikodolea macho tangu nianze kazi. Miaka kumi na moja nimesimama kwenye meza ile! Nimehesabu kwenye kalenda mara tatu. Alhamisi imeangukia pabaya kuliko pote.

Ndiyo maana nimenunua vidonge vya mitishamba. Kimoja kila asubuhi. Dada akasema nivumilie, huenda nisione tofauti mpaka miezi miwili mitatu ipite. Nikamwuliza, je, nikimeza vya miezi mitatu leo jioni? Akaninyang'anya chupa. Ilibidi niape ndipo akanirudishia.

Jumapili, 7 Juni

Kidonge cha pili. Kinanuka majani makavu. Hasira nane, au saba. Nitajuaje kama hakuna aliyenichokoza?

Nikaamua kufanya mazoezi ya upole nyumbani. Mume wangu alipoingia nikamwuliza kwa sauti laini ameshindaje. Akasimama mlangoni, kiatu kimoja mguuni. Nikamwambia karibu ukae. Akakaa. Jasho likamtoka, akakiri kwamba ndiye aliyeunguza sketi yangu ya bluu kwa pasi mwezi wa tatu!

Mimi nilimnunia wifi yangu kwa sketi ile. Miezi mitatu sijamsalimia. Sasa nimwombe radhi? Nimefikiri sana. Nimeona niache kwanza, wifi ana makosa mengine.

Jumatatu, 8 Juni

Balaa. Bi Vifungo kanifuma nikimeza kidonge nyuma ya marobota ya vitambaa. Kauliza ni dawa ya nini. Nikasema mafua. Nikapiga chafya kabisa ili aamini. Aliamini mno. Kabla ya saa nne bosi alishapata habari kwamba nina mafua mabaya na mkuu wa shule ni mama anayeogopa vijidudu. Bosi kaniita, kaniambia kwa huruma nipumzike nyumbani mpaka Ijumaa, Bi Vifungo atashika mkasi.

Kijiba cha roho alicho nacho yule mwanamke! Nilitaka kusema kitu. Nikakumbuka upole. Nikaenda kulia chooni. Machozi kumi, na leo sikukata kitunguu.

Jumanne, 9 Juni

Nimekwenda kwa bosi kusema ukweli. Nilipotamka hedhi tu akaanza kutazama dari. Nikaendelea: matiti kuuma, tumbo, hasira. Akasema sawa, sawa, amesikia, nije Alhamisi, nije siku yoyote nitakayo, akakimbilia stoo kuhesabu zipu. Kumbe ndiyo njia! Miaka yote hii nilikuwa naomba ruhusa kwa kutumia mafua.

Hasira nne. Au ni furaha? Hamna sehemu ya furaha kwenye orodha ya dada.

Alhamisi, 11 Juni

Nimeshinda! Hasira sifuri!

Kwanza hedhi ilikuja jana, siku mbili kabla ya hesabu yangu. Nikachanganyikiwa, nikahesabu upya, nikapata jibu jingine, nikaiacha kalenda ilivyo. Nikameza kidonge nikaenda kazini roho mkononi.

Mkuu wa shule akaingia na msichana mmoja, kiranja mkuu, mwili umejaa kweli kweli. Akasema nimpime huyo, kisha nikate makoti arobaini kwa kipimo chake ili wanafunzi wafanane. Yaleyale ya mwezi uliopita! Wakati ule nilimwambia akipata watoto arobaini wenye mwili mmoja aniite nije kushangaa. Bosi akajiegemeza ukutani. Bi Vifungo akatoa pini mdomoni ili asikie vizuri.

Nikasema, sawa mama.

Akauliza kama nina maoni. Sina, mama. Mikono tuiongeze kidogo? Tuiongeze, mama. Akaondoka akinisifia malezi. Nikakata makoti yote arobaini nikiimba. Vidonge hivi ni kiboko!

Jumamosi, 13 Juni

Jana mafundi walishona matano, bosi akayapeleka shuleni. Mtoto wa darasa la kwanza akavalishwa. Mikono ikapotea, miguu ikapotea, mtoto mwenyewe akaanza kulia humo ndani. Mkuu wa shule akasema yeye ni mwalimu, mkataji ni mimi, kwa nini sikumwambia?

Kitambaa kimekwisha. Bosi kaniuliza nilikuwa wapi Alhamisi. Nikasema nilikuwa mpole. Akasema mwezi uliopita nilikosa adabu lakini nilisema kweli, na angeniambia mapema kama angejua sielewi: anataka adabu na ukweli vyote viwili. Vyote viwili, kwa mtu mmoja, kwa siku moja!

Kuanzia Jumatatu niko kwenye vifungo. Nimeumia. Meza yangu! Nilijua kila mkwaruzo wake.

Nikaenda kwa dada wa duka la dawa kulalamika kwamba dawa ni kali mno. Akasoma shajara yote, akauma mdomo asicheke. Akasema siku sita hazitoshi kuhukumu dawa hii. Tena hedhi ikishaanza, hasira kwa kawaida hushuka yenyewe. Au labda niliamua tu kujizuia. Kujizuia? Mimi? Sijawahi, kwa hiyo hilo haliwezekani. Akanisihi nikamwone daktari kama hali inanitesa hivi, na nisimpe mtu mwingine vidonge vyangu.

Sikulala usingizi wa mchana. Ilikuwa dawa, hedhi au mimi? Nimechora jedwali. Jedwali linasema dawa.

Jumatatu, 15 Juni

Vifungo mia mbili na kumi. Vidole vimetoboka. Kutoka hapa namwona Bi Vifungo kwenye meza yangu akimbishia mteja, kwa adabu, na mteja anamsikiliza! Akiendelea hivi sirudi kamwe.

Lakini mimi si wa kukata tamaa. Kama vidonge viliniponza mimi, vitamponza na yeye. Nimefunga chupa kwa kitambaa cha maua, nikampa saa ya chai kama zawadi, nikamweleza kwamba ni vya kutuliza hasira za kabla ya hedhi.

Akaniambia hedhi yake ilikoma mwaka aliozaliwa mjukuu wake wa kwanza, na mjukuu huyo sasa anaota ndevu. Akacheka mpaka akashika meza. Tangu tujuane hajawahi kunichekea hata mara moja.

Vimeanza kufanya kazi, na hata chupa hajaifungua!