Jicho la Wendell Stroop, Mali ya Serikali

Mtu wa serikali akitaka kujificha, aanze na viatu. Yule aliyeketi mstari wa mbele ndani ya hema la Wendell Stroop alikuwa na shati la maua na kofia ya mkulima, lakini viatu vyake vilikuwa vyeusi, vimepigwa rangi mpaka taa zinajiona humo. Tena alikuwa amekuja kila jioni tangu maonyesho ya mji wa Frederick yafunguliwe, na kwetu Maryland hakuna mwenye akili timamu anayelipa kiingilio mara mbili kutazama mchezo uleule, labda uwe wa mbio za nguruwe.

Mchezo wenyewe ulikuwa huu. Wendell alikaa kitini amefungwa kitambaa cheusi machoni, na Verna, mwenzake wa jukwaani, akapita katikati ya watu akiinua vitu walivyokuwa navyo. Akisema "haraka," kitu ni saa. Akisema "tafadhali," ni miwani. "Tuambie" ilikuwa pete. Wendell alishika kichwa, akaguna kama mtu mwenye jino bovu, akajibu. Wajinga walipiga makofi na Wendell akala vizuri.

Watu walipotoka, mwenye viatu alimfuata nyuma ya hema. Aliitwa Kanali Tuttle.

"Warusi wana watu wanaoona mbali," alisema. "Wamekaa chumbani kwao wanatazama makombora yetu. Na sisi tunataka wa kwetu. Wewe unaweza kuona wapi?"

Wendell aliona palepale. Aliona mshahara wa serikali, chumba chenye joto majira yote ya baridi, na kahawa ya bure.

"Kanali," alisema kwa sauti ya mgonjwa, "Siberia inanisumbua sana usingizini."

Verna hakumzuia. "Nenda," alimwambia huku akikunja kitambaa cha macho. "Ila umeniahidi pete tangu nikiwa na meno yangu yote. Maonyesho yakifunguliwa majira ya kuchipua, uwe umerudi nayo. Usiporudi, kiti hiki kitakaliwa."

"Na nani? Nani mwingine anayejua maneno yetu?"

"Yanafundishika, Wendell."

Wendell alicheka. Alimpenda Verna, tena sana, ila alimpenda kama mtu anavyopenda koti lililotundikwa nyuma ya mlango: lipo tu, halitakwenda popote.

Kazi ilikuwa kwenye banda la mbao katika kambi ya jeshi. Alipewa bahasha iliyofungwa yenye picha ya mahali fulani, naye bila kuifungua achore anachokiona. Baadaye kamati ya wasomi ililinganisha mchoro na picha. Haikumchukua muda kujua siri yake: sema maji, sema chuma, sema kuna kitu kirefu. Ni wapi hapa duniani pasipo na kitu kirefu? Yaliyobaki wasomi waliyatafuta wenyewe. Mchoro ukifanana na picha, Wendell ameona. Usipofanana, Warusi wamemziba jicho, na hawawezi kumziba mtu asiyeona. Wendell aliheshimu sana hoja hiyo. Hata yeye asingethubutu kuiuza.

Kwa mshahara wa kwanza alinunua pete yenye kijiwe cha buluu. Theluji ilipoyeyuka, akaenda kuaga.

"Jicho haliachi kazi," alisema Kanali. "Jicho ni mali ya serikali."

Basi Wendell akaamua kuharibu ili afukuzwe. Alichora birika la shangazi yake. Wasomi walitazamana, wakasema ni tangi la nyuklia. Akachora nguruwe. Wakamwongeza mshahara na mlinzi wa mlangoni. Hapo Wendell aliogopa kwelikweli, maana Verna hakuwa mtu wa kusema jambo asilolimaanisha.

"Kanali, mimi ni tapeli," alisema mwishowe. "Sioni kitu. Hata funguo zangu sizioni."

Kanali hakushtuka. Alimimina kahawa. "Eleza."

Wendell alieleza yote, kuanzia "haraka" mpaka neno la mwisho. Kanali alimrudisha nyuma kila alipokimbiza maneno, akarudia maneno kwa mdomo wake mpaka yakamkaa.

"Na huyo bibi," aliuliza, "kahawa yake anatia sukari?"

"Hilo linahusuje usalama wa taifa?"

"Kila kitu kinahusu."

Maelezo yote yakagongwa mhuri wa siri. Kanali akasema Wendell ataachiwa maelezo ya upande wa bibi yakishathibitishwa, na kwamba kuthibitisha atakwenda mwenyewe. Uthibitisho huo ulikula majira ya kuchipua yote, ukameza na ya joto. Majani yalipoanza kuanguka, Wendell aliapishwa na afisa kijana: alichokieleza ni siri ya taifa, na akikifanya mbele ya watu, hata watoto, atafungwa.

"Lakini ni mchezo wangu mwenyewe."

"Ulikuwa," alisema kijana.

"Kanali yuko wapi?"

"Amestaafu."

Wendell alikimbilia Frederick. Hema lilikuwa jipya, na mlangoni pana bango: Kanali Tuttle, Jicho la Taifa. Chini, kwa herufi ndogo: Mchezo umeruhusiwa na Kanali Tuttle. Kwa mara ya kwanza maishani alilipa kiingilio, akaketi mstari wa mbele. Jukwaani alikaa mtu mwenye kitambaa cheusi machoni, shati la maua, na viatu vinavyong'aa.

Verna alishuka, akamwona, akasimama. Pete ilikuwa mkononi mwa Wendell tangu mlangoni. Verna aliichukua, akaitazama kwa muda, akaiinua juu.

"Tuambie, Kanali."

Kanali aliguna kama mtu mwenye jino bovu. "Pete."

"Ya nani?"

Hilo halikuwemo katika maneno yao.

"Ya mtu aliyechelewa," alisema Kanali.

Hema zima likapiga makofi. Verna alimrudishia Wendell pete, akamfunga vidole juu yake polepole, kimoja kimoja, kisha akamwendea mzee wa kiti cha pili.

"Tafadhali, Kanali."

"Miwani," alinong'ona Wendell, machozi yakimtoka.

Jirani yake, kijana mwenye kofia ya mkulima na viatu vyeusi vilivyopigwa rangi, alimgusa bega.

"Taratibu, mzee," alisema. "Hiyo ni siri ya serikali."