Meza ya Dirishani kwa Lindtner

Jumatatu, 30 Oktoba

Balaa. Bwana Alfons anastaafu. Nimelisikia kwa sikio langu mwenyewe, nikiwa nyuma ya gazeti: siku yake ya mwisho ni Sikukuu ya Mtakatifu Martino, Jumamosi ya wiki ijayo. Baada ya kubeba sinia maisha yake yote katika Mkahawa wa Lindtner, anakwenda kufuga nyuki kwa dada yake.

Nyuki si hoja. Hoja ni makabidhiano. Siku ya mwisho mhudumu mkuu humpitisha mrithi wake meza hadi meza na kumkabidhi wateja wa kudumu: huyu ni nani, hukaa wapi, hunywa nini, husoma gazeti gani. Aliyekabidhiwa ni mtu wa mkahawa mpaka kufa. Asiyekabidhiwa ni mpita njia aliyekimbia mvua.

Hii ni vuli yangu ya tatu hapa. Tasnifu yangu, inayohusu ukimya, naiandikia hapa. Chumbani siwezi, mama mwenye nyumba hafungui joto mpaka aone barafu kwa macho yake. Na bado Bwana Alfons ananiita "binti", ananikalisha meza ya kwenye makoti, pale wateja wanapoyatundika, na kila asubuhi ananiuliza nitapenda nini. Wengine hawaulizwi! Wengine huketi tu na kahawa ikatokea yenyewe, kama umande.

Meza ninayoistahili ni ile ya dirishani. Marumaru nyeupe, kiti cha mahameli mekundu, majani ya miti ya bustani yakianguka nje kama mawazo. Imekaliwa na Bi Mshauri Zwettler. Mshauri wa serikali alikuwa mumewe, naye alifariki zamani, lakini hapa Vienna cheo hakizikwi na mwenyewe. Mjane anakivaa kama koti la manyoya.

Azimio: kabla ya Mtakatifu Martino niwe na meza ya dirishani, niwe na cheo, na nisiulizwe.

Jumanne, 31 Oktoba

Mpango wa kwanza: mazoea. Nitaagiza kitu kilekile, kwa maneno yaleyale, kwa uso uleule, mpaka Bwana Alfons achoke kuuliza.

Kwa kweli nimekuwa nikifanya hivyo tangu vuli ya kwanza. Leo nimeongeza uso. Nilimtazama bila kupepesa na kusema, kahawa ya maziwa yenye povu. Akaniuliza kwa upole kama jicho linauma. Kisha akaniletea, pamoja na kahawa na glasi ya maji, kitambaa kilicholowekwa kwenye maji ya vuguvugu.

Bi Mshauri alikuwa anatazama. Alitabasamu ndani ya kikombe.

Jumatano, 1 Novemba. Watakatifu Wote

Mpango wa pili, nao ulikuwa wa kipaji. Leo mji mzima uko makaburini na maua. Mjane wa Mshauri atakuwa kaburini kwa Mshauri, itakuwaje asiwepo? Nilimwambia mama kwamba nina mafua, siwezi kufika kaburini kwa babu. Nikawa mlangoni kwa Lindtner kabla viti havijateremshwa mezani.

Nikakaa dirishani.

Bwana Alfons alinitazama kwa muda. Alileta kile kibao kidogo cha shaba kinachosema meza imewekewa mtu, akakisimamisha mbele yangu. Nilijifanya kuamini kwamba imewekwa kwa ajili yangu. Nilipata raha ya karibu saa nzima. Niliandika sentensi mbili, moja nzuri.

Saa nne kamili akaingia Bi Mshauri, viatu vimejaa tope la makaburini. Akasema kwamba yeye huenda alfajiri, kwa kuwa marehemu hakupenda msongamano. Akasimama. Hakuniambia niondoke. Alisimama tu, ameshika mkoba kwa mikono miwili, akitazama kiti chake kama mtu anayemtazama mbwa wake aliyepotea na kuonekana kwa jirani.

Niliinuka. Nilikuwa bado nakusanya karatasi zangu mlango ulipofunguka tena, wakaingia mama na shangazi, mashavu mekundu kwa baridi, wanataka keki ya tofaa.

"Naona mafua yamekwisha, mwanangu," mama alisema. "Babu yako atafurahi kusikia."

Nililipia keki.

Ijumaa, 3 Novemba

Vita vya magazeti. Bi Mshauri ana tabia mbaya: gazeti moja analisoma, mawili anayakalia. Basi leo nimewahi na kuyachukua yote kutoka kwenye kitundikio, kila moja limebanwa kwenye fimbo yake ya mbao. Nilivuka ukumbi nikiwa nimeyabeba begani kama mkulima na majembe yake. Wazo: akikosa gazeti atahama.

Sikufikiria wengine. Kabla sijaketi, bwana mmoja mwenye masharubu akaja kuuliza kama lile la asubuhi lina mtu. Kisha mwingine, anataka la michezo. Kisha bibi aliyetaka matangazo ya vifo tu, lakini yote. Walipanga mstari! Nilitoa, nikapokea, nikamkumbusha mmoja kurudisha. Sikuandika hata neno moja kuhusu ukimya.

Adhuhuri Bi Mshauri alimtuma Bwana Alfons aje aniambie kwamba chemshabongo ninaweza kuendelea nayo. Alikuwa ameshaimaliza nyumbani.

Jumatatu, 6 Novemba

Usingizi hauji. Nimebakiwa na siku chache. Radovan, mhudumu mpya, ameshaanza kuzunguka na kitambaa mkononi, kijana mrefu mwenye masikio makubwa. Bwana Alfons anamfundisha kuweka kijiko juu ya glasi ya maji, uso wa kijiko ukiwa chini. Hivi karibuni atafundishwa watu.

Nimemtembelea binamu yangu Resi, ambaye anafanya kazi ofisini na ana simu mezani. Nikamweleza kwamba mtu akipigiwa simu mkahawani, Bwana Alfons hulitangaza jina lake na cheo chake ukumbini, na kwa Lindtner kinachotangazwa ndicho cha kweli. Kesho saa tano apige, amuulizie Dokta Ottilie Kreil, yaani mimi.

Resi akauliza kama nimeshakuwa Dokta. Nikamwambia ni suala la muda. Akauliza muda gani. Resi hajawahi kuwa na upana wa mawazo. Lakini amekubali.

Jumanne, 7 Novemba

Nianze na furaha, maana ilikuwepo.

Saa tano simu ililia kwenye kibanda chake. Bwana Alfons alipokea, akatoka, akajinyoosha koti, akaita kwa sauti yake ya kanisani: "Simu ya Dokta Kreil. Dokta Kreil, tafadhali." Mara mbili! Vichwa viligeuka. Bi Mshauri alishusha miwani. Mimi nilichukua njia ndefu, kuzunguka meza ya biliadi, ili nionekane kutoka pande zote.

Kibandani Resi aliuliza aseme nini sasa. Nikamwambia asiseme chochote. Mimi nikasema kwa sauti, "Ndiyo, bila shaka, mkutano wa Zurich." Resi akacheka mpaka akakata simu.

Nilitoka nikiwa mrefu zaidi. Hapo, katika meza ya pembeni, gazeti lililokuwa limesimama asubuhi nzima likateremka taratibu kwenye fimbo yake. Nyuma yake alikuwa Profesa Hlavacek. Msimamizi wangu. Ambaye huwa hatoki ofisini. Ambaye daima husema kahawa ni adui wa fikra.

"Hongera, Dokta," alisema. "Na mimi mjinga bado nasubiri sura ya pili."

Nilisema kitu. Sijui nini. Naye akasema kwamba hana haraka, nimletee kabla ya saa sita siku ya Ijumaa, na kwamba isipofika atajua kuwa nimeshahamia Zurich, na nafasi yangu chuoni atampa mwingine.

Bwana Alfons alikuwa amesimama karibu, sinia mkononi. Lazima alisikia. Hakubadilisha uso. Aliuliza kama nitapenda kahawa nyingine.

Alhamisi, 9 Novemba

Naandika sura ya pili. Siku ya tatu. Sina muda wa mipango. Nakaa kwenye makoti na siinui kichwa. Makoti yaliyolowa yananuka kondoo. Maji yanabadilishwa bila mimi kuomba, glasi baada ya glasi. Jioni nilikuta bakuli la supu karibu na kiwiko. Sijui nililiagiza saa ngapi.

Ijumaa, 10 Novemba

Nimeifikisha. Profesa aliipima mkononi kama bata bukini sokoni, akasema ina uzito. Nafasi bado ni yangu.

Lakini cheo sina, meza sina, na makabidhiano ni kesho.

Jumamosi, 11 Novemba. Mtakatifu Martino

Mkahawa ulijaa. Jikoni kulikuwa na harufu ya bata na kabichi nyekundu. Saa tisa Bwana Alfons alivaa koti lake jeusi jipya, akamwita Radovan, wakaanza.

Walianza dirishani, bila shaka. Bi Mshauri Zwettler: kahawa nyeusi, krimu pembeni, magazeti matatu, usimnyang'anye. Wakaja kwa mwenye masharubu. Wakaja kwa bibi wa vifo. Nilikuwa nimeinama juu ya karatasi tupu, nikiandika herufi ya kwanza ya jina langu tena na tena. Walifika meza ya biliadi. Wakageuka kuelekea jikoni. Nikasema moyoni, basi, mimi ni yule aliyekimbia mvua.

Kisha viatu vya Bwana Alfons vikasimama mbele yangu.

"Hapa kwenye makoti ni pa Binti Kreil," alimwambia Radovan. "Karibu na bomba la joto, maana kwake hakuna joto. Mgongo ukutani, asisomwe na watu. Kahawa ya maziwa yenye povu. Lakini kila siku umuulize. Usimletee kabla hujamuuliza, hata siku moja."

Radovan akauliza kwa nini, kama ni ileile kila siku.

"Vuli yake ya kwanza nilimletea bila kuuliza. Alinisomesha nusu saa, kijana. Kwamba mtu huru anachagua upya kila asubuhi. Nami nimemheshimu tangu hapo. Wengine wote nimewachoka, lakini yeye namuuliza kwa moyo."

Masikio yangu yaliwaka. Nilikumbuka. Nilikuwa nimesoma kitabu wiki ile.

Nikamuuliza Bwana Alfons, kwa sauti ndogo, kuhusu cheo. Akasema kwamba "binti" humwita mmoja tu mkahawani, ila kama nataka kuwa wa kawaida anaweza kuniita Dokta kama wengine wote.

Kisha akanipa mkono. Nililia kidogo kwenye koti la mtu.

Jumatatu, 13 Novemba

Ushindi! Bi Mshauri amekwenda kwa dada yake mpaka majira ya kuchipua. Upepo wa dirishani unamuumiza goti. Ameacha maagizo kwa Radovan: meza apewe yule binti anayeitamani kama paka anavyotamani samaki wa jirani.

Nimekaa dirishani asubuhi yote. Upepo unapenya kwenye shingo. Jua linapiga karatasi, sioni ninachoandika. Kila anayepita nje anatazama ndani. Shangazi aligonga kioo na kuniuliza kwa ishara kama nimekula. Radovan aliniuliza nitapenda nini, nikasema kama kawaida, akasema samahani, hilo amekatazwa.

Kutoka hapa naiona meza yangu vizuri. Iko kwenye bomba la joto. Ina kioo mbele, kinachoonyesha ukumbi wote bila mtu kujua unamtazama. Hakuna meza bora zaidi katika Vienna yote, na nimeipoteza kwa hiari yangu. Kijana mwenye ndevu anaikalia, mgongo ukutani, na kahawa imemtokea bila kuulizwa.

Nimeshazungumza na Resi. Atapiga simu kesho saa tano. Yule kijana akienda kibandani, mimi nitakuwa nimeshahama na karatasi zangu. Resi anauliza amtaje nani, wakati jina lake hatulijui. Hajawahi kuwa na upana wa mawazo. Tutaomba Dokta tu. Hakuna kijana mkahawani Vienna asiyeinuka akiitwa Dokta.