Mwanangu Hakuwahi Kuwa Mtukutu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mwanangu kapiga simu asubuhi. Nikadhani ananijulia hali. Wapi! Anataka shahidi.

Habari yenyewe ni hii. Alipokuwa darasa la pili, daktari mmoja alisema ana ule ugonjwa wa herufi nne, wa kutotulia na kusahau. Nikasema ataacha akikua. Sasa amekua, ana ndevu, ni fundi umeme ambaye mji huu haujapata kuona mfano wake (si kwa sababu ni wangu). Ila majuzi alifunga taa za ofisi nzima, zikawaka vizuri, akasahau waya mmoja ukutani uko wazi. Bosi kamwambia akatibiwe, la sivyo atafute kazi kwingine. Daktari wa akili naye hatoi dawa mpaka ajue kama ugonjwa wa utotoni umebaki au umeondoka. Anataka kumsikia mtu aliyemlea.

Nani tena kama si mimi? Kanisihi niseme ukweli tu. Nikamwambia asiwe na shaka.

Chai imenishinda. Mtoto wangu apimwe akili! Watu watasemaje?

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimepata mpango. Kupimwa ni mtihani, na mtihani lazima afaulu. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo: alikuwa mtulivu kama maji mtungini.

Katikati ya mazoezi akaingia wifi yangu, shangazi wa mtoto, kufuata gauni ninalomshonea. Kauliza naongea na nani. Ulimi hauna mfupa, nikamweleza yote. Kacheka mpaka kashika ukuta. Kasema mtulivu yupi, yule aliyetumwa chumvi akarudi jioni na mbuzi wa watu? Nikamjibu mbuzi alimfuata mwenyewe. Eti afadhali aende yeye kwa daktari. Thubutu! Uchungu wa kuzaa aliusikia yeye?

Alipoondoka nikaendelea na gauni kwa hasira. Mikono yote miwili nimeishona upande mmoja.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Ushindi! Daktari mwenyewe binti mdogo, angeweza kuwa mkwe wangu. Kauliza kama mtoto alikuwa akitulia darasani. Nikasema alitulia mpaka mwalimu akamwomba atoke akacheze. Je, alipoteza vitu? Hata kifutio hakuwahi. Mwanangu akanikanyaga mguu. Nikahamisha mguu.

Daktari kaandika weee. Kisha kasema kwamba ugonjwa huu huanza utotoni. Kama utotoni hakukuwa na dalili, basi yule daktari wa zamani alikosea, na yeye hawezi kumpa dawa yake.

Amefaulu! Vigelegele vilinifika kooni. Nikavimeza, kulikuwa na wagonjwa.

Tulipofika mlangoni kwangu mwanangu akasema: mama, umenifukuzisha kazi. Bosi anangoja jibu wiki ijayo. Kasema anajitahidi mpaka kichwa kinamgonga, na kila siku anaitwa mzembe. Alitaka mtu mmoja tu amwambie si uzembe. Macho yalikuwa mekundu.



Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimerudi kwa daktari peke yangu, bila miadi. Safari hii nikasema ukweli. Ila ukweli mtupu hauna ladha, nikautia chumvi. Alipanda paa la shule. Aliruka kutoka ghorofani akidhani ni ndege. Aliunguza jiko, akaunguza na la jirani. Nikamhakikishia kwamba hakuna mtukutu katika mtaa wetu aliyewahi kumfikia hata kiunoni. Katika hilo pia alikuwa wa kwanza!

Daktari kaweka kalamu chini. Kauliza amwamini mama yupi, wa jana au wa leo? Kauliza kwa upole, ndicho kilichoniuma. Kasema aletwe mtu mwingine aliyemjua akiwa mdogo.

Mtu mwingine yupo mmoja. Dunia hii!

Nikaenda kwa wifi. Kabla sijatoa salamu kanitupia lile gauni nilifumue. Nikafumua huku namwomba. Akaniacha niombe mpaka mshono wa mwisho. Ndipo akasema mjinga mimi, angekwenda hata nisingemwomba, mtoto ni wake pia. Tukalia kidogo. Mimi zaidi.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Wifi na mwanangu wakaingia, daktari kaniomba nisubiri nje. Mimi! Nikasikilizia mlangoni.

Wifi hakuongeza, hakupunguza. Chumvi na mbuzi. Viatu vilivyorudi mguu mmoja. Jinsi mtoto alivyokuwa akilia akiulizwa kwa nini hasikii, naye anajibu kwamba anajaribu kusikia. Hapo nikaegemea mlango. Haukuwa umefungwa vizuri. Nikaangukia ndani, mkoba huku, viatu kule.

Jibu: ugonjwa upo. Ulikuwepo, umekua naye. Si uzembe. Ataanza dawa, na bosi kapigiwa simu, amekubali abaki, mradi mwenzake akague kazi kabla umeme haujawashwa. Mwanangu akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. Kisha akamkumbatia shangazi yake kwanza. Nimeona.

Daktari akanisaidia kuokota vitu vyangu. Kasema jambo hili mara nyingi hutembea kwenye familia, nikipenda na mimi naweza kupimwa. Wifi akakohoa. Akakohoa sana!

Jumanne, tarehe 11 Machi

Nimekubali. Mimi niogope mtihani?

Daktari anataka mtu aliyenilea. Mama yangu yupo, kichwa kizima kuliko changu. Nimempigia simu, nimemfundisha neno kwa neno: mtulivu, msikivu, hakupoteza kitu, wa kwanza darasani. Nikamwambia arudie.

Karudia vizuri kabisa. Kisha akauliza tunamzungumzia mtoto gani.