Mashine Mama ya Mkolani

Jumatatu, 8 Septemba 1997

Mwezi wa tano tangu nipunguzwe kazini kwenye ghala la pamba. Leo nimepata pa kutokea. Kompyuta!

Jirani yangu Lukman, mwenye taipureta na kibao cha "Tunachapa Barua za Aina Zote", kasoma gazetini kwamba huko ughaibuni ofisi zina mashine moja inayotunza kila kitu, na mashine nyingine zote huiuliza hiyo. Anasema siku akipata kompyuta ataileta teknolojia hiyo hapa Mkolani, awe wa kwanza. Nikamwitikia kwa adabu. Moyoni nikasema, Lukman, umechelewa. Mimi ninayo tayari.

Ni gemu la mkononi, lile la kupanga matofali, nililonunua siku ile ile nilipopata kiinua mgongo. Mke wangu Modesta hulitaja kila tunapogombana. Kuanzia leo linaitwa mashine mama. Litatunza kumbukumbu za nyumba nzima.

Jumanne, 9 Septemba

Nimelichunguza asubuhi yote. Linakumbuka kitu kimoja tu: alama za juu kabisa, zinazokaa pembeni mwa kioo. Namba moja! Tena lazima iishie na sifuri mbili, maana alama zinakwenda kwa mamia.

Mwingine angekata tamaa. Mimi nikazunguka nyumba nikitafuta namba inayoishia na sifuri mbili. Nikaipata! Shemeji yangu Suzana, mdogo wake Modesta tunayekaa naye, alifanya usaili wa uhazili katika kiwanda kipya cha minofu ya samaki. Walimsaili kwenye ukumbi wa kukodi. Ofisi yao hakuna aijuaye. Wakampa kikaratasi: apige simu 41600, Ijumaa kabla ya saa nne asubuhi. Asiyepiga, nafasi yake anapewa mwingine.

Nikawaeleza kwamba karatasi hulowa, hupotea, huliwa na mbuzi. Suzana akamwuliza dada yake kama mimi ni mzima. Modesta akamwambia atazoea.

Jumatano, 10 Septemba

Namba haiandikwi kwenye mashine mama. Inachezwa. Unapanga matofali mpaka ufike 41600 kamili, halafu unajiachia ushindwe makusudi. Nimeanza baada ya chai. Saa tano, 9300. Saa saba, 24800. Saa tisa, 41500! Imebaki mia moja! Kidole kikateleza, mistari minne ikaondoka kwa mpigo. 43000.

Nimecheza vizuri mno. Sijawahi kushindwa kwa sababu hiyo maishani. Ikabidi nichomoe betri ili mashine isahau, nianze upya.

Saa kumi na mbili jioni: 41600 kamili! Nikawaita wote waje waone. Kisha, kwa heshima ya maendeleo, nikakitia kikaratasi cha Suzana kwenye jiko la mkaa, chini ya sufuria ya ugali. Suzana akachutama kukitafuta kwenye majivu. Aliyesema ni Modesta. Maneno yake sitayaandika.

Alhamisi, 11 Septemba

Mama mkwe, Mama Bernadeta, ameshuka meli kutoka Nansio na kuku wawili, kuja kumwombea Suzana. Shikamoo Mama, marahaba mwanangu. Akauliza hicho kidude kinalia nini. Nikamfundisha kukicheza, kwa adabu ya mkwe, nikaenda kwa Lukman kujivuna.

Lukman akacheka mpaka akashika meza. Akanionyesha daftari lake: namba mia mbili, zikiwemo zisizoishia na sifuri. Wivu tu!

Narudi alasiri, mama mkwe hajaondoka kwenye mkeka. Kuku bado wamefungwa miguu. Akaniambia kwa furaha, "Mwanangu, nimeipita!"

58200.

Nikakaa chini kwenye vumbi. Suzana akatoka jikoni, akaniona uso, akaelewa. Akalia bila sauti. Miaka miwili ya chuo, na mama huyu huyu ndiye aliyemlipia ada kwa kuuza dagaa. Hapo sikujiona mvumbuzi. Nilijiona mtu aliyechoma kazi ya shemeji yake ili ugali uive.

Modesta katukataza kumwambia mama. Anasema atajilaumu mpaka augue. Mimi ndiye nitakayelaumiwa, na ameshaanza.

Ijumaa, 12 Septemba

Saa tatu asubuhi tuko wote wanne kwenye simu ya posta. Mama mkwe kavaa kitenge kipya, anadhani tunakuja kupokea habari njema.

Suzana anakumbuka 46100. Modesta anaapa ni 41900. Mimi nilikuwa na hakika kabisa: 46400. Tukaanza na yangu. Mzee mmoja akaniuliza kwa ukali kama ni mimi niliyemuuzia ng'ombe kipofu. Ya Suzana tukaangukia msibani, tukatoa pole. Ya Modesta ikaita mpaka ikakata.

Saa nne kasoro dakika kumi. Suzana akarudisha mkono wa simu mahali pake, akasema basi, yaishe.

Nikapiga magoti mbele ya mama mkwe, mwanamume mzima, foleni yote ya posta ikitazama. Nikamwambia kwamba namba ya kazi ilikuwa ndani ya gemu, na kwamba alipoipita aliifuta.

Akakaza fundo la kitenge chake.

"Ile niliyokuwa naifukuza?" akasema. "Elfu arobaini na moja na mia sita. Nimeikimbiza kutwa nzima, nitaisahauje?"

Suzana akabonyeza. Tukamsogelea wote. Akasema ndiyo, bwana. Ndiyo, bwana. Jumatatu, bwana. Akauachia mkono wa simu ukaning'inia, akamrukia mama yake, akamkumbatia dada yake, akamkumbatia hata mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni. Mimi akanipita.

Jumamosi, 13 Septemba

Mama mkwe kaondoka na meli ya asubuhi. Kaondoka na gemu pia. Sikumnyima.

Nimelitafakari kosa langu bila kujionea huruma. Kurudi nyuma humu ninamoandika nakuta 41600 ipo tangu Jumanne; hilo sitamwambia mtu. Wazo halikuwa na kasoro. Mashine ndiyo ilikuwa ndogo! Kumbe ndani tuna redio kaseti, na redio kaseti inarekodi! Namba za mwisho wowote! Na maneno! Nimeazima daftari la Lukman, nikajifungia chumbani, nikazisoma namba zote kwa sauti, tena na tena, mpaka koo likakauka.

Kanda ilikuwepo moja tu, haina maandishi juu. Si mtu wa papara mimi; niliisikiliza kwanza, nisije nikafuta kitu cha maana. Vigelegele. Padri anauliza maswali. Mwanamume mwenye sauti ya kukwaruza anajibu ndiyo. Basi. Nikairekodia juu yake. Dakika tisini nzima!

Modesta yuko kabatini anapekua, anaimba. Anasema leo, kwa furaha ya Suzana, tusikilize harusi yetu. Nimemwambia nikimaliza kuandika nitamsaidia kuitafuta.