Raia Wasio na Malalamiko

Redio ilitangaza, mara tu baada ya sala ya asubuhi, kwamba Tonga sasa ni nchi ya watu walioridhika. Mkurugenzi wa Idara ya Kero za Wananchi, Bwana Viliami Fa'oliu, alikuwa na ushahidi. Tangu malalamiko yaanze kupokelewa kwa fomu ya tovuti, barua pepe zilizofika zilitoka kwa mtalii mmoja tu, Bwana Grant, aliyekerwa na majogoo.

Semisi, fundi wa kompyuta, akataka kumtilia mchanga kitumbua chake.

"Bosi, watu wanaandika. Ila jina likiwa na kile kialama cha juu, kama lako, mtambo unakwama kwenye jina la mtumaji, barua inatupwa. Nirekebishe, ni kazi ndogo."

"Mtambo umetoka ng'ambo," alisema Fa'oliu. "Wenye kasoro ni majina."

Kamati yake ikaketi, ikala nguruwe wa kuchoma, ikatoa waraka: mtambo usiguswe, na kila raia ajipunguzie alama kwa madhumuni ya mawasiliano.

Ndipo akaja Bi Ta'ufo'ou, kwa boti, kutoka kisiwa cha 'Eua.

"Tangi la zahanati yetu limepasuka. Nimewaandikia mpaka vidole vimeota sugu."

"Mfumo haukutambui, mama."

"Si mimi huyu nimesimama mbele yako?"

"Kimfumo, bado hujafika. Toa alama jinani, kisha utume upya."

"Nilizaliwa siku ya mwaka mpya, ndiyo maana nikaitwa hivyo. Ukinitoa alama, ta'u, yaani mwaka, inageuka tau, yaani vita. Unavitaka?"

Fa'oliu hakuvitaka. Alimwelekeza kwenye fomu.

Bi Ta'ufo'ou akatandika mkeka ukumbini, akatoa ukindu wake, akaanza kusuka na kuimba nyimbo za kanisani, ubeti kwa ubeti. Mkurugenzi akawa anaingia ofisini kwa mlango wa jikoni. Mwishowe katibu wake, Luseane Lolo, alichoka kuimbiwa, akaituma kero ile kwa jina lake mwenyewe, lisilo na alama. Tangi jipya likapakiwa melini wiki hiyohiyo.

Sifa za utulivu zilimfikia Waziri. Akafikiri kama kiongozi: nchi iliyoridhika ina haja gani na mkurugenzi wa kero? Akamhamishia Fa'oliu kisiwa cha Niuafo'ou, akasimamie ndege wanaofukia mayai mchangani. Mwenye pingamizi alitakiwa kulituma kwa fomu kabla ya Ijumaa.

Fa'oliu akatuma. Kimya. Akatuma tena kwa lugha kali zaidi. Kimya.

"Nirekebishe, bosi?" aliuliza Semisi.

"Waraka unakataza."

"Waraka ni wako."

"Ndiyo maana siwezi kuuvunja."

Alhamisi jioni alijifungia ofisini, akaifuta alama katika jina la baba yake. Iliuma kama kung'olewa jino bila ganzi. Akatuma, barua ikapita. Asubuhi majibu yakafika:

"Ndugu Faoliu, hatuna mtumishi wa jina hilo. Anayehamishwa ni Bwana Fa'oliu, ambaye kwa uungwana wake hajapinga."

Kwenye karamu ya kumuaga, Waziri alimsifu kuwa mtumishi wa kwanza kwenda Niuafo'ou bila kunung'unika. Wageni wakapiga makofi, wengine wakifuta machozi. Fa'oliu akavishwa shada, akainuka kukanusha. Akakohoa, akafumbua kinywa.

Kwaya ikaanza kuimba.